Pumzi za Leo, Sauti za Mwaka Jana

Jumapili, tarehe 14 Juni 2093. Asubuhi hiyo sakitu, umande ulioganda kwa baridi, ilikuwa imetanda juu ya mashamba ya viazi, nyeupe kama chumvi iliyomwagika, na upepo ulivuma kutoka kusini tangu alfajiri. Mitambo ya umeme wa upepo iliyopangwa juu ya vilima vyote vya Njombe ilikuwa ikinguruma. Tulishaizoea. Mtoto anayezaliwa huku hulala vizuri katika ngurumo hiyo, na ikikatika ndipo anaamka akilia.

Nilifunga kitambaa cheusi kichwani, nikapiga magoti kando ya kitanda ambacho sasa nalala peke yangu, nikamwomba Mungu anipe nguvu ya kukaa kimya.

Kukaa kimya ndiyo desturi ya usharika wetu. Mwanakwaya akifiwa, haimbi mpaka tanga lianuliwe. Anakaa chini na waumini, pamoja na watu wa nyumba ya marehemu. Kama ana ubeti anaouimba peke yake, ubeti huo hapewi mtu mwingine. Kwaya ikifika hapo inanyamaza, wanakwaya wanainamisha vichwa, na kanisa zima linamwombea mfiwa ndani ya kimya hicho. Tunakiita pengo. Nimesimama katika mapengo ya wenzangu wengi, na safari hii pengo lilikuwa langu. Mume wangu Yoramu tulikuwa tumemzika wiki iliyotangulia.

Nilikaa benchi la tatu na mama yake, Bibi Sigrada, ambaye alikuwa ameshika mkono wangu kama mtu anayevuka mto. Nikagundua jambo ambalo sikuwa nimelifikiria: tangu niingie kwaya, sikuwahi kukaa chini ya dari la sauti wenzangu wanapoimba.

Zamani, wanasema, kwaya ilisimama mbele ya watu na sauti ikaenda yenyewe. Mitambo ilipojaa vilimani, sauti ya mtu haikuweza tena kufika benchi la mwisho. Ndipo usharika ukajenga chumba cha kioo nyuma ya madhabahu kwa ajili ya kwaya, na juu ya waumini ukaweka dari la sauti. Mwimbaji anabandikwa kipaza sauti kidogo kooni, na dari linaichukua sauti yake na kuileta karibu na sikio la kila aliyekaa chini. Wagonjwa wa majumbani nao wana visanduku vidogo vinavyopokea kutoka kwenye dari hilo hilo. Ndani ya kioo tunajisikia sisi wenyewe tu. Wanachosikia watu nje, hatukisikii.

Na juu ya madhabahu kuna taa. Kila mahali panapopigwa muziki lazima pawe na taa, ni sheria ya nchi, kwa sababu kulikuwa na miaka ambayo watu walidanganywa mpaka wakaacha kumwamini mwimbaji yeyote. Kijani maana yake sauti inatoka kooni mwa mtu sasa hivi. Njano maana yake sauti imehifadhiwa. Sokoni ni njano, na saluni ni njano, na sina ugomvi nayo. Nyimbo nyingi nilijifunza chini ya taa ya njano nikimenya viazi. Lakini kanisani ni kijani. Asubuhi ile ilikuwa kijani.

Wakaanza wimbo aliotutungia Mwalimu Zabroni Kyando, kiongozi wa kwaya yetu, ule wa taa inayomwongoza msafiri. Nilifumba macho. Ilikuwa nzuri mno. Niliwaza kwamba sikujua tunaimba vizuri hivi, nikamshukuru Mungu. Besi ilikuwa nene kama blanketi, na nikakumbuka kwamba Yoramu, katika miezi yake ya mwisho, akiwa amelala na kisanduku karibu na sikio, aliniuliza kwaya imempata wapi mtu mpya wa besi. Nilimcheka. Nikamwambia hatujampata mtu, wamebaki wawili tu, na mmoja ana pumu.

Ubeti wa tatu ni wangu. Mwalimu Zabroni alishusha mkono. Ndani ya kioo vichwa vyote viliinama na midomo ikafumbwa.

Na sauti yangu ikaimba.

Ilitoka darini, ikanijia sikioni kama inavyowajia watu wote. Mimi mwenyewe, neno kwa neno. Bibi Sigrada alikaza vidole vyake. Akanigeukia, akanitazama mdomo kwa makini, kama anavyomtazama mtoto anayeshukiwa kula sukari.

"Mwanangu, umefumba mdomo?" akaninong'oneza.

"Nimeufumba, mama."

"Basi huyo ni nani?"

Watu walianza kugeuka. Mwanamume mmoja nyuma yetu alipiga magoti. Mwingine akasema kwa sauti ya chini kwamba Bwana ametenda, kwamba Roho anamwimbia mjane. Nilitaka kuamini hivyo kuliko nilivyowahi kutaka jambo lolote. Nilikuwa nimeomba sana wiki ile, na mtu aliyeomba sana huwa anangoja jibu. Lakini nilisikiliza mpaka mwisho wa ubeti, na nikatambua kinachokosekana. Sauti ile haikuvuta pumzi. Mistari minne mizima, na hakuna mahali ilipopumua.

Ikafika neno la mwisho, "nyumbani," ikalikata hapo hapo, pale kinanda huishia.

Mimi silikati hapo.

*

Yoramu alikuwa mtu wa besi kwa miaka yote ya ndoa yetu. Ugonjwa ulipomzuia kuja kanisani tulipatana ishara. Nikifika neno la mwisho la ubeti wangu nitalivuta kidogo kupita kinanda, na hicho kipande kilichozidi kitakuwa chake, salamu yangu kwake, watu wengine wasijue. Jumapili ya kwanza alinipokea mlangoni akiwa amejikokota kwa fimbo, anacheka. Alisema amekipata.

Baada ya muda akaanza kulalamika. Nikirudi ibadani ananiambia, bila hasira, kwamba leo sikumvutia. Namwambia nimevuta. Ananiambia labda nimesahau, si neno, nimechoka kumuuguza. Nilidhani ni dawa zinamziba masikio. Jumapili ya mwisho nilivuta mpaka mwenzangu wa kushoto akanikanyaga mguu, nikakimbia nyumbani, nikamuuliza, na akanipapasa mkono kama mtu anayemsamehe mtoto. Akasema, "Usijitese, mke wangu. Nimeshazoea." Hakutaja tena jambo hilo, na Alhamisi akafariki.

Kwa hiyo baada ya baraka sikutoka na watu. Nilimwomba Bibi Sigrada anisubiri, nikapita mlango wa pembeni mpaka chumba cha mitambo ya dari, na nikamkuta Mwalimu Zabroni ameinama juu ya meza, anabonyeza vitu haraka haraka.

Lazima niseme Zabroni alikuwa nani kwangu. Ndiye aliyebeba jeneza upande wa mbele. Ndiye anayefundisha darasa la jioni katika ukumbi wa usharika, na mimi niliingia darasa hilo nikiwa mtu mzima ambaye hajui herufi. Mwanzoni nilikuwa nasikiliza wenzangu wanavyosoma, nashika yote kichwani, kisha zamu yangu ikifika nafuata mistari kwa kidole na kutamka. Alinigundua siku moja kwa kuweka kiganja chake juu ya ukurasa. Nikaendelea kusoma. Darasa zima likacheka, na yeye hakucheka. Aliniambia, "Dada Twilumba, unakumbuka, husomi. Soma kilicho mbele yako, hata kama utakwama." Kwa maneno hayo nilijifunza kusoma Biblia yangu mwenyewe. Hapana siku niliyoomba bila kumtaja.

Hakukana. Alipoona uso wangu alikaa chini, akavua miwani. Alisema alisahau. Alikuwa ameupanga wimbo tangu Jumamosi, akapanga na ubeti wangu kama kawaida, na hakukumbuka kwamba Jumapili hii ni ya pengo. Ndani ya kioo hakusikia kilichotokea. Aliona tu watu wanapiga magoti.

Nikamuuliza hiyo kawaida ni ipi.

Akanieleza, na alieleza vizuri, kwa kuwa ni mwalimu. Vipaza sauti vyetu vya kooni vinahifadhi kila tunachoimba, mazoezini na ibadani, kila koo na mahali pake katika ghala la sauti. Yeye alianza kuchagua humo. Alichukua siku ambayo kila mmoja aliimba vizuri kuliko siku zote, akaziunganisha, akaondoa vikohozi, akasawazisha waliowahi na waliochelewa, akaondoa pumzi zote. Jumapili dari linatazama midomo yetu na mkono wake, na linatoa sauti za ghalani kwa mwendo wetu; lisipoona mdomo, linafuata mwendo lililopangiwa Jumamosi. Kutoka kwetu linachukua pumzi peke yake. Taa inapima kama kuna kitu hai kinachopita kwenye vipaza, na pumzi ni kitu hai. Ndiyo maana ilibaki kijani.

"Watu wanasikia pumzi zenu za leo," alisema, "na sauti zenu za mwaka jana."

Alianza wakati Yoramu alipougua, akasema. Mimi nilikuwa naimba nimekauka. Siku moja nilivunjika katikati ya ubeti, na watu wa benchi la nyuma wakaguna. Alinionea huruma, akanifunika kwa sauti yangu ya Pasaka, Jumapili moja tu. Kisha akamfunika mwenye pumu. Kisha kanisa likaanza kujaa. Wagonjwa wakaandika kwamba wanalala vizuri wakitusikia.

"Walilia, dada," akasema. "Waliomba. Je, machozi yao yalikuwa ya uongo?"

Swali hilo mpaka leo ninalo. Nikamuuliza langu.

"Ulikuwa unaniona nikivuta neno la mwisho?"

"Nilikuona."

"Na ulijua namvutia nani?"

"Yoramu aliniambia."

"Na ulijua hasikii."

Mitambo ya kilimani ilisikika hata ndani ya kuta zile nene. Alisema kwamba angeliacha hilo neno peke yake lipite, lingesikika kama ufa, watu wangejua. Alifikiri Yoramu asingegundua. Aliendelea kufikiri hivyo kila Jumapili, na kila Jumanne alikwenda kumsalimu rafiki yake, akala kwangu, akaniombea mema mlangoni.

Nilimwambia kwamba mume wangu amekufa akidhani nilimsahau. Nilimwambia polepole, ili kila neno limfikie. Kisha nikamwambia amweleze mchungaji yeye mwenyewe kabla ya Jumapili inayofuata, ambayo ni siku ya kuanua tanga, na kama hakusema, nitasema mimi.

Hapo akabonyeza kitu mezani, na Yoramu akaimba.

Haikuwa ile besi nene ya dari. Alisema ni sauti ile ile, kama ilivyo ghalani kabla ya kusafishwa. Yoramu wangu aliwahi kuingia mbele ya wenzake, kama alivyokuwa akiwahi maisha yake yote, na kabla ya kuingia alivuta pumzi kwa pua, ule mvuto wenye filimbi ndani yake uliokuwa ukiniamsha asubuhi. Nilikaa sakafuni na nguo zangu za msiba.

Zabroni alisema taratibu kwamba sheria ya taa haina huruma. Ghala lililotumika chini ya taa ya uongo hufutwa lote, pamoja na kila nakala. Nikisema, huyu naye anafutika. Nikinyamaza, atakuwepo, na yeye Zabroni ataacha mchezo huu kidogo kidogo, bila kumwaibisha mtu. Na watu waliopiga magoti asubuhi watabaki na muujiza wao.

Kama asingetaja muujiza, labda ningenyamaza. Nasema kweli mbele za Mungu, labda ningenyamaza. Lakini nilimwona yule mwanamume akipiga magoti, na nilijua alichokipigia magoti.

*

Wiki ile nilifunga na kuomba. Kumwombea Zabroni niliweza. Kumtazama sikuweza; siku ya darasa nilifika mlangoni mwa ukumbi, nikamwona ameshika chaki, nikageuka nyumbani na vitabu vyangu.

Kwa mchungaji hakwenda. Jumamosi mchana alikuja kwangu, akasimama uani, akaweka kisanduku kidogo mikononi mwa Bibi Sigrada na si mikononi mwangu. Kisanduku cha wagonjwa, cha aina ile ile aliyokuwa nayo Yoramu. Alisema ni zawadi kwa mama, sauti yote ya mwanawe imo, na hakuna anayejua kama kipo. Kisha akaondoka bila kunywa hata maji.

Bibi Sigrada alikifungua. Taa ya njano ikawaka, na mwanawe akavuta pumzi kwa pua.

Sikumwamulia. Nilimweleza yote, kwamba dari lilimdanganya hata yeye, kwamba nimekusudia kusema kesho, na kwamba nikisema, kisanduku hiki nacho kitatakiwa. Kukificha nako ni kudanganya, nikamwambia, ila mtoto ni wake, na sitampokonya. Alinikasirikia. Aliniambia mimi ni mjane na naweza kupata mume mwingine, yeye atampata wapi mtoto mwingine. Alikaa jikoni na kisanduku kifuani kutwa nzima, akiusikiliza wimbo ule ule, na jioni akaniambia Yoramu amewahi tena, mtoto hasikii huyu, tangu zamani hakuwahi kungoja wenzake. Alicheka, akalia, akaendelea kusikiliza. Chakula hakugusa.

Asubuhi nilipochukua mkoba wangu wa kanisani niliona ni mzito. Kisanduku kilikuwa ndani, kimezungushiwa leso yake. Yeye alikuwa ameshatangulia barabarani, hakuningoja.

Nilikwenda kwa mchungaji kabla ya kengele. Mchungaji Lusungu Mahenge ni kijana, na alipokuwa akinisikiliza alikuwa akizungusha pete kidoleni. Aliniuliza kama nina hakika. Nikamwambia asiniamini mimi; azime dari tu, afungue milango ya kioo, asikilize. Wazee wa kanisa waliitwa. Zabroni aliitwa, na safari hii, mbele ya wote, alisema kila kitu mwenyewe, kwa mpangilio mzuri, kama somo. Alipomaliza nilitoa kisanduku mkobani na kukiweka mezani. Nilibaki na leso.

Ibada ilichelewa. Mchungaji aliwaeleza waumini kwa maneno machache, na wengine walitoka nje wakati anaongea. Yule mwanamume wa nyuma yetu hakutoka. Alikaa ameinamisha kichwa, na sikufurahi kumwona hivyo. Kisha dari likazimwa, na taa ya kijani ikazimika pamoja nalo. Wanakwaya walifungua milango ya kioo, wakatoka mmoja mmoja, wakasimama mbele ya watu kama walivyosimama babu zetu. Walionekana wadogo. Ngurumo ya mitambo iliingia kwa madirisha na kujaa kote. Zabroni alikaa benchi la mwisho, karibu na mlango, peke yake.

Mfiwa anapoanua tanga, husimama mbele ya kanisa, hufungua kitambaa cheusi, na kutoa ahadi ya kurudi kwenye nafasi yake. Kwa kawaida ni sentensi moja fupi, na watu huijua. Nilifungua kitambaa. Nilimtafuta Bibi Sigrada, nikampata benchi la tatu, macho mekundu, amenikazia uso kama anayenidai. Benchi la mwisho sikulitazama. Nilikuwa nimeandika maneno yangu, na nilikuwa na karatasi mkononi, lakini nilijua nimeyashika yote kichwani, kwa hiyo niliikunja na kuiweka pembeni. Ilinibidi kupaza sauti ili nishinde upepo, na ilitoka imekwaruza.

"Mimi Twilumba Ngailo, mjane wa Yoramu," nikasema, "naahidi mbele za Mungu na mbele yenu nyote mnaonisikia, na wale wasionisikia waambiwe na majirani zao. Sauti mtakayoipata kwangu itakuwa ya siku ile ile. Nikiwa na mafua mtasikia mafua. Nikikwama mtasikia nimekwama. Na neno la mwisho nitalivuta, kila Jumapili, ingawa aliyekuwa akilingoja hayupo."